Viti vya Twalib

Kwenye skrini, jina la Twalib lilikuwa bado lina taa ya kijani ya mtu aliye kazini, na Twalib mwenyewe alishazikwa siku ishirini na tatu zilizopita.

Taa hiyo haikumtisha Mwahija. Alikuwa amechoka mno kutishika. Siku tatu anashinda na kompyuta, usiku anasinzia kwenye benchi la wodi ya watoto, ambako binti yake Ziada, wa miaka sita, alilazwa na malaria. Isitoshe, taa ile aliiacha mwenyewe. Yeye ndiye fundi wa kompyuta wa hospitali hiyo binafsi ya mjini Lindi, na Twalib alikuwa tabibu wa zahanati ya hospitali hiyo kisiwani, upande wa Kilwa. Mtandao wa kule ulikuwa wa kubahatisha. Kila ukikatika, mfumo ulimtoa Twalib, naye alianza upya huku foleni ya wagonjwa ikimkodolea macho. Siku moja akapiga simu.

"Dada Mwahija, usinitoe. Nimechoka kubisha hodi."

Mwahija akamhurumia, akamwondolea kikomo cha muda: akishaingia, abaki ndani mpaka atoke kwa hiari yake. Tena seva, mashine zinazobeba mfumo wote, zilikuwa mbili. Moja ikizima, nyingine inampokea mtu palepale alipoishia, hata hajui kama amehamishwa. Mwahija alijivunia sana kazi hiyo.

Twalib akaanguka akafa katikati ya kazi. Hakuwahi kutoka. Mwahija alipotaka kumfuta kwenye mfumo, mjane wake, Zuwena, alimsihi, "Mdogo wangu, subiri arobaini ipite. Jina la mtu halifutwi haraka hivyo." Akasubiri. Nani angemkatalia mfiwa?

Kilichomkausha mate siku hiyo ni mstari mdogo chini ya jina: amefungua faili, dakika mbili zilizopita. Kompyuta ya kisiwani ilikuwa imefungiwa kabatini tangu msiba. Faili lilikuwa la bibi mmoja aliyelazwa kwa maumivu ya nyonga. Alasiri bibi akafa. Kesho yake likafunguliwa la dereva wa bodaboda aliyekwisha ruhusiwa kwenda nyumbani, naye akafa ameketi kitandani, viatu mguuni.

Arobaini ikasahauliwa. Mwahija akajaribu kumfuta. Mfumo ukakataa, ukisema mtumiaji yuko kazini. Akazima seva ya kwanza. Feni zake zikanyamaza, za seva ya pili zikaanza kuhema, chumba kikanuka matope ya mikoko, na jina likawaka upande wa pili. Akawasha ya kwanza, akazima ya pili. Likarudi. Kuzima zote mbili alikuwa amekatazwa, maana hospitali nzima ingepofuka.

Adhuhuri ya siku hiyo alimkuta mama yake mkubwa, Bi Maimuna, kando ya kitanda cha Ziada. Bi Maimuna alikuwa fundi wa kupunga majini kule Mingoyo.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Mbona umenyauka hivyo?"

Mwahija akamweleza kwa kunong'ona. Bi Maimuna akasikiliza mpaka mwisho.

"Huyo si Twalib, mwanangu. Twalib kashakwenda kwa Mola wake. Huyu kakuta nafasi iko wazi, kakaa. Sisi mtu aliyepandwa na jini tunamwita kiti. Na jini hatoki kama kuna kiti kingine kinamngoja. Wewe umemwekea viwili! Viondoe vyote kwa mpigo. Lakini kwanza..."

Simu ya Mwahija, iliyounganishwa na mfumo, ikatetemeka. Faili limefunguliwa: Ziada.

Hakungoja kusikia hiyo "kwanza". Alitoka mbio, akapita dirisha la dawa, akapita wauguzi waliomwita kwa jina, harufu ya matope ikimtangulia kwenye korido kana kwamba inajua anakokwenda, akafungua mlango, akazikuta feni za mashine zote mbili zinahema kwa pamoja, akashika nyaya mbili kwa mikono miwili, akasoma bismillahi, akavuta.

Kimya. Taa ya kijani ikafa.

Akarudi wodini. Ziada alikuwa ameketi, homa imekatika, shuka limelowa jasho. Mwahija akamkumbatia, akalia kwa furaha na kwa uchovu wa siku zote hizo. Bi Maimuna alikuwa amesimama ukutani, mbali na kitanda.

"Nilitaka kukwambia," akasema polepole, "kwanza mtoe mtoto humu. Mtu dhaifu asiwe karibu."

Begani kwa mtoto Mwahija alisikia harufu ya matope ya mikoko. Ziada akapumua, kisha akasema kwa upole, kwa adabu ya mtu mzima, "Dada Mwahija, usinitoe. Nimechoka kubisha hodi."

Mwahija alikuwa bado amemkumbatia, na hakuweza kumwachia.