Kiti cha Nyapara

Kiti kilikuwa na joto, lile joto la mtu aliyeinuka sasa hivi. Fundi Vifungo, ambaye kila akiwahi kufika hukipangusa kimyakimya, aliuondoa mkono haraka. Nani kakikalia, ilhali mlango kaufungua yeye mwenyewe asubuhi ile?

"Ni jua tu la dirishani," alijiambia. Dirisha lenyewe lilikuwa bado limefungwa!

Nyapara wa karakana ile ya ushonaji alikwisha kufa na kuzikwa, na mafundi wakaichukua ikawa yao. Cherehani zao, mapato yao, hakuna wa kuwafokea. Ila kile kiti cha mbele walikiacha palepale. Hakuna aliyekikalia wala kukitaja.

Mchana ikanuka tumbaku, ile ya nyapara, na hakuna mvutaji mle ndani. Mafundi wakatazamana, wakainamisha vichwa, wakashona. Kisha ikasikika filimbi yake, nyembamba, na miguu yote ikagandia kwenye pedali kwa mpigo mmoja.

"Mmesikia?" mmoja akanong'ona.

"Shona, mwenzangu. Usitutie balaani."

Ndipo binti yake Fundi Vifungo, aliyeanza kazi juzijuzi, ambaye nyapara alikufa hata hajamtia machoni, akainua mkono. Akauinua juu kabisa, macho kayakaza kwenye kiti kitupu, midomo inamcheza, na kiti kikakwaruza sakafu, kama mtu mzito anajivuta mbele aone vizuri, na mkono wa binti haukushuka, ukatetemeka, ukazidi kutetemeka, mpaka mkojo ukamchuruzika miguuni ukatuama chini ya cherehani.

Fundi Vifungo akaruka kutoka cherehanini. Aibu ile aliijua. "Si mwanangu!" akapiga kelele. "Nichukue mimi, mwanangu mwache!"

Kesho yake wakamleta mganga, mama mfupi mwenye ulimi mkali. Hakuwasha hata ubani. Alikizunguka kiti, akapitisha kidole, akakitazama kidole.

"Hakina hata vumbi! Bwana wenu kaoza zamani. Hili ni jini, limekuta kiti kinatunzwa, likajikalia zake. Nani anakipangusa?"

Mkono mmoja ukainuka. Ukafuata wa pili. Mara karakana nzima ikawa mikono juu. Kumbe kila aliyewahi kufika alikipangusa kwa siri.

"Ebo! Mnamwomba nani ruhusa?" mganga akafoka. "Shusheni! Aliyowatenda nyapara semeni, hapahapa mbele ya kiti chake."

Filimbi ikalia, safari hii ndani ya masikio. Fundi Vifungo akasimama. "Niliinua mkono kutwa nzima. Akaninyima ruhusa ya kwenda chooni. Nikajikojolea mbele yenu."

"Akatuamuru tucheke," jirani yake akadakia, akilia. "Tulimwogopa, dada, tukakucheka. Tusamehe."

"Mimi alinipiga vidole kwa rula ya chuma," akasema mwingine, na mwingine akasema lake, na tumbaku ikazidi kunuka hadi wakakohoa, kiti kinatetemeka, filimbi inalia bila kupumua, nao wanasema tu, wanasema kwa sauti, mpaka aliposema wa mwisho na filimbi ikakatika.

Wakakishika kiti. Kilikuwa baridi. Wakakitoa nje wakakivunjavunja kwa shoka.

Alasiri binti akainuka, akaenda chooni bila kumtazama mtu. Mama yake akafuta machozi, akacheka peke yake.

Kisha chini ya meza mkono wa kulia wa Fundi Vifungo ukaanza kuinuka wenyewe, polepole. Akaukamata kwa wa kushoto, akaukandamiza gotini.

"Leo hapana," akaunong'oneza. Akasimama, naye akaenda chooni.