Neno "Take" na Ujumbe wa Mjukuu

Bibi Fundi anaishi peke yake. Chumba chake kina kitanda, cherehani na stuli mbili, ya kwake na ya mteja. Mumewe alishafariki. Binti yake yuko ng'ambo na mtoto mmoja. Mtoto huyo hajui Kiswahili, anajua Kiingereza tu. Basi bibi, kwa umri wake wote huo, akaanza kujifunza Kiingereza. Si mchezo!

Kila neno aliliandika kwenye daftari kama anavyoandika vipimo vya wateja: mteja mmoja, mstari mmoja. "Take" aliliandikia "kuchukua". Kazi imekwisha.

Siku moja mjukuu akatuma ujumbe: "Take a picture of you sewing. Take your time." Bibi akafungua daftari. Achukue picha? Ipi? Achukue wakati? Wa nani?

Sasa, bibi huyu ana desturi yake. Nguo haitoki mkononi mwake mpaka uzi wa mwisho ukatwe. Hata jibu hakulituma. Alitaka aelewe kila kitu kwanza. Wiki zikapita tano. Mjukuu naye akanyamaza. Bibi akawa anashona huku machozi yanamtoka.

Jirani yake, karani wa mapokezi hotelini, alileta sketi ipunguzwe kiuno. Akamkuta analia.

"Shikamoo, bibi. Kuna nini tena?"

"Marahaba, mwanangu. Mjukuu wangu kaninyamazia." Akampa simu.

Jirani akasoma. "Mbona rahisi! Anataka upige picha ukiwa unashona. Na usiwe na haraka."

"Lakini take ni kuchukua!"

"Ni kuchukua, ndiyo. Ila mgeni wangu akisema take na dawa, anameza. Take na basi, anapanda. Take na picha, anapiga. Usilisome neno peke yake, bibi. Soma na yale yaliyo karibu nalo."

"Loo! Na mimi nimeliandikia mstari mmoja tu."

"Hilo dogo. Kubwa ni kwamba hukujibu. Mtoto atajuaje kama unahangaika? Usipoelewa, mwambie hujaelewa."

"Kiingereza changu bado, mwanangu. Nitaaibika."

"Kwa mjukuu wako? Acha hizo, bibi!"

Akampiga picha palepale, nguo aliyokuwa akiishona ikiwa nusu, nyuzi zinaning'inia. Bibi akaituma na maneno manne ya Kiingereza. Mawili yalikuwa na makosa.

Haikupita saa moja, simu ikalia.

"Bibi?" Mtoto alijua neno hilo moja la Kiswahili. Kisha akauliza polepole, kwa Kiingereza, kama bibi alikuwa amemkasirikia.

"No," bibi akasema. "No, no, no." Maneno mengine yote yalimtoka kichwani. Wakakaa hivyo kwenye simu, kila mmoja anasikia mwenzake anavyopumua, na hakuna aliyetaka kukata.

Siku hizi bibi hujibu siku ileile, makosa na yote, na asichoelewa anauliza. Kila Jumapili mtoto hupiga. Siku sita zinazobaki chumba ni kimya vilevile, na bibi anazihesabu.