Fundi Alinionya Kuhusu Rimu, Nikamsingizia

Nina miaka thelathini na nane, nauza vitambaa Miembeni, Bukoba. Wanaonifahamu wanajua nina mdomo. Mdomo huo ndio ulioniponza...

Mdogo wangu Asimwe alikuwa anaolewa kwetu Izigo, siku ya Jumamosi. Gari langu ndilo lingembeba bibi harusi. Kijigari chenye rimu nyembamba zilizochakaa! Wageni wangesemaje? Ijumaa asubuhi nikapata rimu pana za kung'aa, nikazipeleka kwa fundi Deo. Matairi nilibaki na yale yale membamba.

Taata, baba yetu, alikuwa amekaa kiti cha nyuma. Alikuwa ametibiwa jicho mjini, limefungwa bandeji, nami namrudisha nyumbani ili kesho yake amfikishe binti yake altareni. Wiki nzima hakuwa na habari nyingine.

Deo alifunga tairi moja, akasimama.

"Dada, rimu hizi ni pana mno kwa tairi hili. Ona linavyovutika pembeni! Ukikata kona kwa kasi litachomoka. Tafuta matairi mapana, au nikurudishie rimu zako."

"Wewe funga," nilimjibu. "Nimekuja kwa fundi, sikuja darasani."

Akafunga zote nne.

Njiani gari lilikuwa linayumba kila kona. Niliona! Usukani ukawa unanivuta mikono, lakini nilikuwa nimechelewa kupeleka mapambo ya harusi. Tulipopita Kemondo, Taata akasema, "Punguza mwendo, mwana wange." Nikamwambia asiwe na wasiwasi...

Kona iliyofuata tairi la mbele lilichomoka. Rimu ikasaga lami, gari likaacha barabara likaingia kwenye migomba ya watu. Mimi nilitoka na mchubuko tu. Taata alivunjika paja.

Asimwe alipelekwa altareni na baba mdogo, analia tangu mlangoni. Na mimi nilifanya nini? Ndugu zangu walipouliza, nilisema Deo hakukaza nati! Walimfuata kazini, wakamtukana mbele za watu. Wateja wakamkimbia, baada ya miezi michache akafunga kibanda. Nilipita pale nikakuta pamefungwa. Nilijisikia vibaya, lakini nilinyamaza.

Mwaka mzima nilinyamaza. Siku moja nilikuwa Izigo namenya ndizi jikoni, Taata akaingia na mkongojo wake, akaketi.

"Koku," aliniita, "siku ile nilikuwa nimefungwa jicho. Masikio yalikuwa wazi."

Kumbe alisikia kila neno! Alikuwa ananingojea niseme mwenyewe...

Jioni hiyo niliwaambia ndugu zangu wote. Mimi na Asimwe mpaka leo tunasalimiana kwa shida. Kisha nikamtafuta Deo, nikampata Muleba akiziba pancha za pikipiki. Nilipiga magoti kwenye vumbi, nikalia bila aibu.

Wasomaji wenzangu, rimu na tairi lazima vilingane upana. Fundi akikwambia havilingani, msikilize! Na ukishakosea, usimtwishe mwingine kosa lako. Paja la Taata lingeweza kuwa bahati mbaya. Jina la Deo nililivunja kwa makusudi.

Mnajua aliniambia nini? Alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono kwa tambara, akauliza kitu kimoja tu.

"Mzee anatembea?"