Gauni Lililobaki Pindo

Mvua ilikuwa inatwanga bati tangu alfajiri, kiasi kwamba mtu akitaka chumvi mezani ilibidi apige kelele. Ila chumba cha nyuma kilikuwa kimya. Dada Mkubwa aliligundua hilo alipokwenda kutafuta blanketi la ziada: alivuka kizingiti na sauti ya mvua ikakatika. Akarudi sebuleni, mvua. Akaingia tena, kimya. Matone yalikuwa yanateremka kwenye kioo cha dirisha, anayaona kwa macho yake, lakini masikio hayakupata kitu. Akajiambia labda dari ya huku ni nzito. Akachukua blanketi akatoka, wala hakumwambia mtu, maana walikuja kupumzika.

Walikuwa wanne, mafundi wa duka moja la kushona nguo, marafiki wa miaka na miaka. Dada Mkubwa ndiye mwenye duka, na hata wateja waliomzidi umri walimwita hivyo hivyo. Mkasi alikuwa mkataji, na jina alilipata kwa kazi yake na kwa ulimi wake. Mama Pacha alishona mashati na kulalamikia mgongo. Wa nne alikuwa Kitinda, mdogo wake Dada Mkubwa wa tumbo moja. Mama yao alifariki Kitinda akiwa bado ananyonya, na Dada Mkubwa ndiye aliyembeba, akamlisha, akamfundisha kutia uzi kwenye sindano kabla hajajua kusoma. Sasa Kitinda alibakiza mwezi mmoja aolewe. Ndiyo maana walifunga duka siku nne na kuja kwenye nyumba hii ya shamba, wakae pamoja kabla hajawa mke wa mtu.

Walipanga kupanda vilima na kuloweka miguu mtoni. Mvua ikapanga yake. Siku ya pili mto ulishafunika daraja, gari limezama matopeni hadi nusu ya magurudumu, na karata zimechezwa mpaka zimelainika.

"Tumetoka mjini kuja kutamiwa kama mayai," alisema Mama Pacha.

"Wewe ukitamiwa mgongo utapona," Mkasi akamjibu, na wakacheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Wakiwa bado wanacheka, Kitinda akatoka chumba cha nyuma amebeba gauni mikononi.

"Tazameni nilichokikuta kabatini! Kazi ya fundi hasa."

Lilikuwa gauni refu la rangi ya maziwa, limeshonwa kwa mkono tangu shingo hadi chini. Wote wanne walinyamaza, kama mafundi wanyamazavyo mbele ya kazi iliyowazidi. Pindo lilikuwa limeshonwa nusu tu, na sindano ilikuwa inaning'inia bado kwenye uzi wake. Vitasa vya nyumba ile vyote vilikuwa vimekula kutu, lakini sindano ile iling'aa.

Mkasi akaipima mikono ya gauni kwa macho. "Huyu aliyepimwa alikuwa mtu au ngazi? Mikono imezidi shubiri nzima."

"Limebaki pindo tu," alisema Kitinda.

"Na liendelee kubaki. Uko likizo," Dada Mkubwa akasema.

Lakini Kitinda alikuwa na ugonjwa wake mmoja. Dukani kazi yake ilikuwa kumalizia: mapindo, vifungo, nyuzi za kukata. Nguo ikibaki pindo hawezi kuiacha. Atachelewa kula, atachelewa kulala, lazima aimalize, na akishamaliza husema kwamba roho imetulia. "Kazi ya mwenzetu imekaa hivi, inanikera," alisema, akarudi nalo chumba cha nyuma, akaketi karibu na dirisha penye mwanga. Hakuna aliyemzuia. Wewe ungemzuia kwa lipi?

Ilipata saa tisa mchana. Dada Mkubwa alikuwa jikoni anachemsha chai, Mkasi na Mama Pacha wamejilaza sebuleni. Harufu ndiyo iliyotangulia, harufu ya pasi ya moto iliyowekwa juu ya kitambaa kibichi, nzito, karibu na kuungua. Dada Mkubwa akatazama huku na huku. Ndani ya nyumba ile hapakuwa na pasi.

Kisha mvua ikanyamaza kwenye korido.

Haikukatika. Juu ya jikoni alikuwa anaisikia inavyopiga, na sebuleni vilevile, ila korido ilikuwa kama imezibwa pamba. Kile kimya kilikuwa kimetoka chumba cha nyuma na kinatembea. Kikasogea mpaka mlango wa jikoni, na bati la juu ya mlango likaacha kulia. Kikaingia, na birika lililokuwa linatokota mbele ya macho yake likawa linatokota bila sauti, mvuke unapanda, kifuniko kinarukaruka, hakuna kelele hata chembe, na Dada Mkubwa akasimama pale na kijiko mkononi, akisikia moyo wake tu, akihisi kwamba aliyeingia amesimama nyuma ya bega lake la kushoto na anamtazama mikono kama mtu anayechagua fundi. Kisha birika likalia tena. Kimya kikarudi kilikotoka.

"Kitinda!" aliita. Hakuitikiwa.

Walimkuta watatu kwa pamoja. Alikuwa amelivaa gauni, amesimama katikati ya chumba, mikono ameinyanyua pembeni kama mtu anayepimwa kwa futi. Macho yalikuwa wazi lakini hayakuwa na mwenyewe. Pindo lilikuwa limekwisha, limenyooka, uzi umekatwa kwa meno.

"Vua hilo, mdogo wangu," Dada Mkubwa alinong'ona.

Mkasi akamshika mkono. "Dada. Angalia mikono yake."

Mikono ya gauni ilikuwa imezidi shubiri nzima, wote waliiona. Sasa ncha za vidole vya Kitinda zilikuwa zinachungulia. Zilitoka polepole, kucha kwanza, kisha kifundo kimoja, na kutoka ndani ya kitambaa kulisikika mlio mdogo wa viungo vinavyovutwa. Mama Pacha alitoka mbio kwenye mvua bila viatu.

Alirudi na mwanamke wa nyumba ya chini, yule aliyewapokea na kuwapa funguo. Mama Funguo, kama walivyomwita, alisimama mlangoni, maji yakimchuruzika, akatazama, akashika mwimo wa mlango.

"Nani kalimaliza?"

"Mdogo wangu. Mama, ni nini hiki?"

"Miaka yote wageni wanalikuta hilo," alisema kwa sauti ya chini sana. "Wanalishangaa, wanacheka, wanalirudisha. Mbona hamkuniambia kwamba nyinyi ni mafundi?"

Aliwaeleza kwa haraka, huku akitazama begani kwa Dada Mkubwa. Nyumba ilikuwa ya shangazi yake, fundi. Akaja mteja ambaye hakuwa mtu. Lilikuwa jini lisilo na mwili. Likaagiza gauni, likataja vipimo vyake, likasema: siku litakapokwisha nitalivaa, na mwili wa kulivalia utakuwa wa yule atakayelimaliza. Shangazi alishona kwa hofu mpaka akafika nusu ya pindo, na hapo akaiacha sindano. Hakuligusa tena mpaka alipokufa. "Tumelichoma moto mara mbili. Kesho yake liko kabatini. Lakini halikuwa na shida na mtu, maana pindo lilikuwa halijaisha. Lilikuwa linangoja tu."

"Na sasa?"

"Sasa limevaliwa. Vidole vikishatoka vyote, huyo si mdogo wako tena."

Dada Mkubwa aliogopa, tusimpambe. Lakini alikuwa amemlea mtoto yule kwa maziwa ya kuazima, na alikuwa amesimama mbele ya wateja wakali miaka ishirini. Akaingia katika kile kimya. Akapiga magoti mbele ya gauni, akashika pindo, akalivuta, akalitazama kwa jicho la kazi.

"Samahani, mteja," alisema. "Hili halijaisha."

Kinywa cha Kitinda kikafunguka. Sauti iliyotoka ilikuwa kavu, haina pumzi. "Limeisha."

"Nani kakwambia? Angalia huku, pindo limepanda. Bega linavuta. Huyu aliyeshika sindano ni mwanafunzi wangu, kaharakisha. Ukitoka hivi watu watauliza fundi wako ni nani, na mimi nitaficha wapi uso?"

Vidole vilisimama. Harufu ya pasi ilimjaa puani mpaka machozi yakamtoka, na alihisi kitu kinainama, kirefu, kirefu kupita dari, kinainama mpaka kikalingana na uso wake ili kilitazame pindo pamoja naye.

"Livue nilirekebishe," alisema Dada Mkubwa. "Njoo kesho."

Tangu mafundi waumbwe, hakuna uongo waliousema mara nyingi kama huo, na hakuna mteja ambaye hajaumeza.

"Kesho," sauti ikasema. "Saa tisa."

Mvua ikaangukia masikioni mwao kwa kishindo. Kitinda alidondoka kama nguo iliyoponyoka kwenye kamba. Dada Mkubwa alimvua gauni, akachukua wembe, akafumua pindo lote palepale sakafuni, huku akilia kwa sauti.

Kitinda alipozinduka aliuliza kama chai iko tayari. Hakukumbuka kitu, hata gauni lenyewe. Viganja vilimuuma, akadhani ni baridi.

Jioni, akiwa amelala, wale wengine walikaa jikoni. Mama Funguo aliwaambia bila kuzunguka: "Hutaliacha hapa. Wewe ndiye uliyeahidi. Likiwa kwako, atalifuata lilipo, kila siku saa tisa, na kila siku umpe sababu. Asikose mtu wa kumwambia bado. Na huyo mdogo wako mwambieni, asije akaligusa."

"Haambiwi," alisema Dada Mkubwa. "Ana harusi. Ukweni wakisikia neno jini, harusi hakuna. Na yeye mwenyewe atalalaje usiku? Akishaolewa atakuwa mbali na duka. Niachieni mimi."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," Mkasi alisema.

"Nimesema niachieni."

Wakaapa kunyamaza. Mto ulipopungua walirudi mjini, na harusi ikafana.

Na mteja akaja, kama alivyoahidiwa. Kila siku saa tisa, benchi la wateja mlangoni lilikuwa linanyamaza. Cherehani iliyo karibu na benchi ilizunguka bila mlio. Dada Mkubwa hakuinua kichwa. "Bado kola," alisema. Siku nyingine: "Bado vifungo, nimetafuta rangi sijapata." Siku nyingine: "Mkono wa kulia umenisumbua, njoo kesho." Mchana alishona, asubuhi alifumua, maana mteja yule alikagua kazi, na asingekubali kuona halijaguswa. Mkasi alivumilia miezi miwili. "Nakupenda, Dada, lakini siwezi kukata nguo na huyo ananitazama," alisema, akaondoka. Mama Pacha alimfuata, kwa aibu, bila kuaga. Dada Mkubwa akabaki peke yake na cherehani nne. Alikonda. Nywele za mbele zikawa nyeupe. Kila alipochoka alimfikiria mdogo wake huko aliko, anapika, anacheka, labda siku moja atapata mtoto, akaona si kitu, akashona.

Mwaka haujatimia, homa ikamwangusha. Alianguka dukani asubuhi, kichwa kikagonga meza, na majirani wakamkimbiza hospitali. Alichomwa sindano akalala usingizi mzito. Alipofumbua macho, simu ilikuwa inaita kando ya mto wa kulalia.

"Dada! Umeamka?" Ilikuwa sauti ya Kitinda, ina furaha na wasiwasi pamoja. "Jirani kanipigia, nimekuja mbio. Nimepita hapo hospitali nikakukuta umelala, wakasema tukuache upumzike. Basi nikasema nisikae bure, nije nikusaidie. Niko dukani."

Dada Mkubwa alijaribu kuinuka. Mrija wa dripu ukamvuta mkono. "Toka humo. Kitinda, toka sasa hivi."

"Tulia, wewe mgonjwa. Duka nimelifagia, mashati nimeyatia vifungo. Na lile gauni la rangi ya maziwa lililo mezani kwako, dada, kazi ya ajabu! Lilikuwa limebaki pindo tu."

Ukutani mbele ya kitanda kulikuwa na saa. Ilikuwa saa tisa na dakika mbili.

"Sikiliza," alisema. "Yupo mtu hapo benchini?"

"Ndiyo, mwenyewe kashafika. Simwoni vizuri hapo kivulini, ila mpole kweli, hana maneno. Anasema amelingoja muda mrefu."

"Mwambie bado! Mdogo wangu, nakuomba, mwambie halijaisha, mwambie aje kesho!"

Kitinda alicheka, cheko lake lilelile la utotoni. "Aa, dada! Huo uongo ndio unaotuharibia jina sisi mafundi. Mteja wa watu amengoja muda wote huo. Nimeshamwambia liko tayari."

Kisha akaisogeza simu mbali na mdomo, na Dada Mkubwa akamsikia akisema, kwa ule upole aliomfundisha yeye mwenyewe kuwasemesha wateja: "Karibu ndani, ujaribu."