Dawa ya Kupe Katika Chupa za Soda

Siku ya soko pale Khwisero, Navalayo hakupata hata nafasi ya kunywa chai dukani mwake. Huyu anataka chumvi, yule mafuta ya taa, mwingine dawa ya kupe. Dawa ilikuja kwa mkebe wa lita tano. Mwenye ng'ombe mmoja ataipeleka wapi lita tano? Kwa hiyo Navalayo aliimimina katika chupa za soda, akazipanga kando ya chumvi. Kipimo alikuwa nacho kichwani: vifuniko viwili vya soda kwa ndoo moja ya maji.

Jumatatu asubuhi jirani yake, Mzee Sifuna, alisimama mlangoni bila hata salamu.

"Mama Lynette, umenimaliza. Ng'ombe yangu anatoa mate, miguu inatetemeka."

"Ulitia vifuniko vingapi?"

"Viwili. Si ndivyo unatuambianga?"

"Ndivyo."

"Basi kaa na viwili vyako."

Daktari wa mifugo alimdunga ng'ombe sindano, naye akapona siku ya tatu. Lakini daktari alipouliza ni dawa gani, Sifuna alimwonyesha chupa ya soda. Habari zikafika ofisini. Alhamisi akaja Jeruto, afisa wa serikali wa kukagua dawa za mifugo.

"Mama, kuanzia leo usiuze dawa," alisema. "Nakupa wiki mbili utengeneze mambo. La sivyo, kibali hupati."

Navalayo alipiga hesabu. Dawa ndiyo iliyovuta wateja. Wakiikosa kwake, wataenda duka la ng'ambo ya barabara, na chumvi watanunua huko huko.

"Wewe binti, mimi ndiye niliipika hii dawa? Mwenye kiwanda yuko, aliyeileta nchini yuko, mwenye kuuza jumla yuko Kakamega mjini. Sheria imewaruka wote hao, ikaja kuketi kwangu?"

"Haijawaruka. Lete mkebe wa zamani na huu mpya uliomimina juzi."

Mikebe ikaletwa. Wa zamani ulikuwa na lebo ya Kiswahili. Mpya ulikuwa na maandishi ya kigeni tu. Jeruto aliweka kidole kwenye nambari.

"Hapa ndipo wanaandika nguvu ya dawa. Hii mpya ni kali mara tatu kuliko ile. Vifuniko vyako viwili vilikuwa kama sita."

Navalayo alikaa juu ya gunia la mbolea. Kumbe angeua ng'ombe wa watu.

"Sikiza, mama. Mwenye kiwanda lazima aandike jina la dawa, nguvu yake, kipimo, na la kufanya mtu akidhurika. Anayeileta nchini lazima aiandikishe kwanza. Muuzaji wa jumla asipokee mkebe usiosomeka. Hao nitawaendea. Lakini chupa hizi za soda ni zako. Dawa haihamishwi chombo, wala haikai kando ya chumvi; hukaa kabatini, chini ya kufuli."

"Basi nizimwage mtoni."

"Mtoni? Na maji ya kunywa mnatekanga wapi?"

Jeruto alizifunga chupa zote kwenye sanduku, akaondoka nazo.

"Na mwenye ng'ombe mmoja?" Navalayo alimfuata hadi kwenye gari. "Atoe kupe kwa kucha?"

"Hapa jirani mna ng'ombe wangapi?"

"Kama kumi na saba."

"Chagueni siku moja. Mnunue pamoja mkebe mdogo uliofungwa kiwandani. Mpime kwa kikombe chake."

Navalayo alinung'unika juma zima, lakini mikono ilifanya kazi. Alihamisha chumvi. Alimwita fundi atengeneze kabati lenye kufuli. Alizunguka nyumba kwa nyumba akiandika majina ya wenye ng'ombe, na kila nyumba ilimchelewesha kwa maswali.

Siku ya kumi na mbili, kabati likiwa bado tupu, Andati, dereva wa muuzaji wa jumla, alishusha mkebe mlangoni. Haukuwa na lebo.

"Mama Lynette, bosi anasema ushike huu tu. Lebo inakuja."

Navalayo aliutazama. Wateja watatu walikuwa wamesimama pale wakingoja dawa. Mmoja alikuwa ameshaangalia ng'ambo ya barabara.

"Rudi nao. Lebo ikija, mje pamoja."

"Umekuwa serikali siku hizi?"

"Nimekuwa mtu aliyechoka. Beba mkebe wako."

Jeruto aliporudi alikuta kabati safi, chumvi mbali, na daftari la majina kumi na moja. Alitia sahihi kibali.

Jumamosi Andati alileta mikebe midogo yenye lebo ya Kiswahili. Alhamisi iliyofuata ng'ombe kumi na saba walinyunyiziwa dawa uwanjani. Mzee Sifuna alivaa glavu na kitambaa puani, wanawake wa jirani wakamcheka kwamba anaenda kuoa tena. Hakuna ng'ombe aliyetetemeka, na kupe walianguka.

Tangu hapo Andati hachoki kulalamika. Kila akileta mzigo, Navalayo humsimamisha pale pale barabarani asome lebo, mkebe mmoja baada ya mwingine.

"Mama, utasoma yote?"

"Yote. Wewe shikilia tu."