Bibi Aliyeuawa kwa Kiingereza Safi

Wenzangu mlio na watoto shuleni, sogeeni. Nawapa habari za nyumba ya Tirtha Duwal, muuza mtindi wa hapa mjini kwetu Bhaktapur, na jinsi aibu ya makosa madogo ilivyotaka kumkosesha binti yake masomo.

Jioni moja nyumba yao ilikuwa imetulia tuli. Mke wa Tirtha alikuwa anamimina maziwa kwenye vyungu, na Bibi Gyani Maya, mama yake Tirtha, anajichekea peke yake akiwaza sherehe yake. Alikuwa anatimiza miaka sabini na saba, na sisi Wanewari mzee wa umri huo tunampandisha kigari kilichopambwa, wajukuu wakamvuta mtaa mzima.

Hapo akaingia binti yao Anjila na insha ya Kiingereza aliyoandika juu ya bibi yake. Wino mwekundu, jamani, utadhani kuku kachinjiwa pale! Nyakati ndizo zilizomshinda. Kwa lugha yetu ni kama kusema: "Jana bibi ataamka mapema. Kesho alinipikia chapati ya mchele."

"Kesho alikupikia?" Tirtha aliwaka. "Unataka majirani wanicheke?"

"Baba, Mwalimu Roshani kasema habari yenyewe nzuri, nyakati zitakaa sawa polepole."

"Polepole mpaka lini? Mtoto wa fundi viatu analeta karatasi nyeupe pee!"

Kesho yake akanunua kitabu cha insha zilizokwisha kuandikwa: Ng'ombe, Treni, Bibi Yangu. "Kariri. Usiongeze la kwako hata moja."

Anjila akakariri. Vya kwake akaacha kabisa kuandika. Hata salamu kwa mtalii alikuwa anaikagua kwanza kichwani, na akimaliza kuikagua mtalii ameshapita kona.

Basi shule ikatangaza shindano la kuongea Kiingereza mbele ya wazazi. Mshindi angesoma bure mpaka darasa la kumi na mbili. Asiposhinda, Tirtha alishasema wazi: atabaki nyumbani kuchemsha maziwa.

Siku ikafika. Anjila alisimama akatiririka ile "Bibi Yangu" ya kitabuni bila kosa hata moja, huku Mwalimu Roshani akiwafasiria wazazi. "Bibi yangu alikuwa mwanamke mwema," alifasiri. "Alifariki mwaka jana. Tulimchoma kando ya mto kama ilivyo desturi, nikalia sana."

Bibi mwenyewe alikuwa kiti cha mbele, na sari yake nyeusi yenye pindo jekundu.

"Nani kafa?" akauliza.

"Wewe, bibi," jirani akamnong'oneza.

"Mimi? Lini? Mbona chakula cha matanga sikukiona?"

Watu walivunjika mbavu. Tirtha tu ndiye aliyejishika kichwa. Kumtangazia mzee kifo wiki moja kabla ya kupandishwa kigari! Nuksi gani hii?

Anjila alimtazama baba yake. Baba alikuwa anatazama viatu vyake. Kama angeomba radhi akae, masomo yake yangeishia hapo hapo. Lakini bibi aligonga sakafu kwa mkongojo.

"Wewe! Umeniua kwa Kiingereza, nifufue kwa Kiingereza!"

Anjila akavuta pumzi, akaanza kwa Kiingereza chake mwenyewe, na mwalimu akakifasiri kama kilivyo.

"Bibi yangu hakufa. Wiki ijayo alipanda kigari, mimi nilivuta kamba. Jana ataninong'oneza kwamba anaogopa kuanguka, nisimwambie baba. Nitamwambia, bibi, usiogope, nilikushika."

Kinamama wakacheka huku wanafuta macho.

"Mama, kumbe unaogopa?" Tirtha akauliza kwa sauti ndogo.

"Kigari umekigongelea misumari wewe, nisiogope kwa nini?"

Jaji mkuu wa shindano, mama mmoja mwalimu wa chuo, alisubiri kicheko kipungue. "Leo nimesomewa mabibi kumi na mmoja, wote wamefariki mwaka jana, wote wamechomwa kando ya mto. Mji mzima umebakiwa na bibi mmoja tu! Mjukuu wake nyakati atanyooshewa darasani. Nafasi ni yake."

Na sasa ukipita kwa Tirtha utamkuta mlangoni na chungu mkononi, anawaita watalii kwa Kiingereza chake kipya: "Karibu! Mtindi huu utakuwa mtamu jana!" Anjila yuko ndani anasoma, hana mbavu. Wageni wanacheka, wananunua, na wengine wanarudi.

Mafunzo

Wazazi wenzangu, mtoto anayejifunza lugha ya watu lazima achanganye jana na kesho. Mrekebisheni, ndiyo, lakini msimzibe mdomo. Karatasi safi ya kukariri haina mtoto wenu ndani yake. Mwacheni aseme la kwake hata likiwa limepinda, mlisikie kwanza, ndipo mmnyooshee. Msipofanya hivyo, mtasifiwa na majirani, halafu siku moja mtasikia ukumbini kwamba mmeshachomwa kando ya mto.