Kikaratasi Kilicholowa

Asubuhi ile hospitali ya macho ilikuwa imefurika, watu bega kwa bega mbele ya dirisha la dawa. Binti wa maabara alijipenyeza katikati yao na kisanduku cha barafu kifuani, koti jeupe limenyooka kwa pasi, miguuni viatu vyekundu vilivyompendeza. Kijana mmoja akageuka ghafla, kiwiko kikakigonga kisanduku, nusura kianguke.

"Taratibu, kaka. Humu nimebeba machozi ya watu."

"Dada, umewaliza wangapi hata yajae sanduku?"

Alicheka bila kutaka. Kijana alikuwa mwokaji mikate, shati la samawati, unga umebaki kwenye kola, macho mekundu. Kumbe alikuwa mgonjwa wake: joto la tanuri lilikuwa limemkausha macho, na maabara ilikuwa ikikusanya machozi ya watu wa namna yake ili kuutafiti ugonjwa huo.

Kazi yenyewe ni hivi. Unakunja ncha ya kikaratasi chembamba, unaipachika ndani ya kope la chini, mgonjwa anafumba macho, mnasubiri. Asiseme, asicheke, asilie. Chozi la kilio ni la kutupa. Linalotakiwa ni la jicho lililotulia. Kwa bwana yule, kunyamaza kulikuwa adhabu. Kikaratasi chake kilitoka kikavu, ncha tu ndiyo iliyolowa.

"Nimefeli, bibie?"

"Vibaya sana, Mkate."

Jina likamganda. Tangu hapo, kila mikate ilipotoka tanurini alimpigia simu kumuuliza kaamkaje, naye akamgombeza kwa kusahau dawa yake ya matone. Wakapendana kweli. Hata baba wa binti, mzee asiyeridhika upesi, alikubali waoane. Kisha mzee akafariki.

Makaburini Mkate alibeba jeneza, akasimama kando ya mchumba wake mwanzo hadi mwisho. Hakutoa chozi. Shangazi mtu aliona. Shangazi yule hapitwi na kitu. Waliporudi nyumbani akamvuta binti jikoni.

"Mwanangu, mwanamume asiyemlilia baba yako, wewe atakulilia lini?"

Jamani, si mkono wake mwenyewe uliokitoa kile kikaratasi kikavu? Alijua. Lakini msiba ukikubana, hata unachokijua kinakutoka. Akapiga simu, akamwambia Mkate kwamba moyo wake umekauka kuliko macho yake.

Mkate akajibu kwa sauti ya chini: "Wewe ndiye uliyenipima, bibie." Simu ikakatika.

Hasira hasara. Huzuni ilipopungua aliliona kosa lake, akaishika simu, akaiweka, akaishika tena. Aibu ikamshinda. Akajifariji kwamba utafiti unataka kila mgonjwa arudi kupimwa mwaka unaofuata, na siku hiyo atamwomba radhi uso kwa uso. Akaishi kwa tumaini hilo, akiendelea kuvaa viatu vyekundu.

Mkate alirudi. Shati jipya, kola safi, macho hayana tena wekundu, na pete kidoleni. Binti aliiona pete kabla hajauona uso.

Akampachika kikaratasi, Mkate akafumba macho. Hapo binti, akijua hawezi kujibiwa, akaivunja sheria ya kazi yake.

"Nisamehe. Nilikupima mwenyewe, nikaenda kumwamini shangazi aliyesema hukumlilia baba. Nakupenda, sijaacha hata siku moja."

Mkate akaikamata mikono ya kiti kwa nguvu. Muda ulipotimia, binti akakitoa kikaratasi. Kilikuwa kimelowa chote.

"Hiki hakifai," akasema. "Ni machozi ya kilio. Lazima nikitupe."

"Kitupe," Mkate akajibu, akijifuta shavu kwa kiganja. "Shangazi yako aliyataka mwaka jana."

Binti akainamisha kichwa. Maji yakimwagika hayazoleki, na yeye ndiye aliyeyamwaga.

"Itabidi urudi upimwe upya," akasema mwishowe. "Atakupima mwenzangu. Kwangu jicho lako halitatulia."

"Sawa, bibie." Mkate akasimama. "Mke wangu ananingoja pale kwenye dirisha la dawa."

Mlango ukafungwa. Binti alikitazama kikaratasi mpaka kikaanza kukauka, akakitupa kwenye pipa, kisha akamwita mgonjwa mwingine.